Bili ya watu 12 kwenye kadi moja: nani anadaiwa nini?

SWALI

Shikamoo kaka. Niko Irving, pembeni ya Dallas, huu mwaka wa tatu. Jumamosi iliyopita tulimtoa rafiki yetu chakula cha jioni kwa ajili ya bethidei yake. Mimi ndiye niliyeweka oda ya meza na kuandika kwenye grupu, "Jamani, saa moja tukutane." Tulikuwa 12. Bili ikaja hivi: vyakula na vinywaji dola 640, kodi 52.80, halafu mstari umeandikwa "Gratuity 20%" dola 128. Jumla 820.80. Nikatoa kadi yangu ili watu wanirushie hela. Mhudumu aliporudi na karatasi ya kusaini, nikaona sehemu ya bakshishi iko wazi, watu wanapiga picha, wengine wameshavaa makoti, nikaona aibu kuiacha tupu. Nikaandika 100. Kwa hiyo nimelipa 920.80 na mpaka leo nimepokea 566 tu.

Chakula changu kilikuwa cha dola 41. Mwenye bethidei alikula vya 55 na hatukutaka alipe. Binamu yangu alikula vya 46, akaondoka mapema, akaacha noti ya 20 chini ya glasi. Shemeji alikula saladi akanywa maji, dola 19, akanitumia 25. Sasa grupu inawaka moto. Mmoja anasema tungegawana sawa kwa sawa. Mwingine anasema bakshishi si lazima kisheria, tumeibiwa. Mwingine anasema niliyealika ni mimi, kwa hiyo nivumilie. Nidai vipi bila kuvunja undugu?

JIBU

Marahaba, dada yangu, na pole. Kabla hujasoma nilichoandika hapa chini, shika simu upige mgahawani kuhusu ile dola 100. Hilo ndilo lenye haraka. Mengine yatasubiri.

Piga kati ya saa nane na saa kumi mchana, wateja wa mchana wakiwa wameondoka na wa jioni hawajaanza kumiminika. Ukipiga Ijumaa usiku utajibiwa "sawa, sawa" na hakuna atakayekumbuka. Usimweleze anayepokea wageni mlangoni. Omba meneja wa zamu. Mpe tarehe, saa, jina lililowekewa meza na tarakimu nne za mwisho za kadi, kisha mwambie kwamba bakshishi ya asilimia 20, ule mstari wa "Gratuity", ilikuwa imeshawekwa kwenye bili, wewe hukuiona, ukaandika nyingine juu yake. Atakuelewa kabla hujamaliza sentensi. Nimefanya kazi ya kubeba sahani hapa Texas, baadaye nikasimamia zamu, na simu za namna hii tulizipokea hasa baada ya wikiendi.

Kilichotokea ni hiki. Kadi yako ilipopitishwa, benki iliidhinisha 820.80. Ile 100 ya kalamu iliingizwa kwenye kompyuta baadaye, kabla hesabu za usiku hazijafungwa. Ndiyo maana kwenye simu yako huenda uliona kwanza kiasi kimoja, halafu baada ya siku mbili kikapanda. Meneja anaweza kurudisha hiyo 100 peke yake bila kugusa malipo mengine, na itachukua siku chache za kazi kurudi kwenye kadi. Usianze na benki kulalamika kwamba umetozwa usichokijua. Karatasi ina saini yako na mwandiko wako, kesi hiyo utashindwa, na utakuwa umemkasirisha mtu ambaye angekusaidia kwa dakika tano.

Kama huyo mhudumu aliwatendea vizuri na roho yako inakutuma, mwambie meneja akurudishie 80, ile 20 aachiwe. Hiyo ni hiari yako na hailazimishwi na mtu.

Sasa hesabu. Nimeikokotoa mara mbili kwa sababu jibu lake limekaa vizuri kuliko nilivyotarajia: ukimwondoa binamu, hakuna aliyekudhulumu kwa makusudi. Chukua 640, toa 41 zako, toa 55 za mwenye bethidei. Zinabaki 544. Hiyo ndiyo bei ya menyu ya kila kitu walichokula na kunywa wale kumi waliobaki. Wewe umepokea 566. Kwa pamoja, basi, wamelipa bei yote ya menyu na kuzidisha dola 22. Kila mmoja wao anajiona ameshalipa, tena amekuongezea, na ukimdai bila maelezo atakuona una tamaa.

Pengo liko kwingine. Kodi na bakshishi za hiyo 544 ni dola 153.68, na hakuna aliyezilipa. Sahani ya mwenye bethidei, ukiweka kodi na bakshishi yake, inafika 70.54, mkigawana watu 11 kila mmoja anabeba 6.41, na kwa wale kumi ni 64.13. Jumla 217.81. Toa zile 22 walizozidisha, unabaki unadai 195.81. Wewe mwenyewe sehemu yako halali ni 58.99. Umetoka mfukoni 354.80, ukiondoa sehemu yako, ukaondoa na 100 ya kalamu, unarudi kwenye 195.81 ileile. Hesabu imefunga.

Kwa nini watu wazima kumi wasahau kodi na bakshishi kwa mpigo? Kwa sababu wamekulia mahali ambapo bei ya kwenye menyu ndiyo bei. Ukiketi Dar, kuku na chipsi vimeandikwa bei fulani, VAT ya asilimia 18 imo humo humo. Nairobi menyu nyingi zina mstari mdogo chini kabisa unaosema bei zimejumlisha VAT ya asilimia 16 na ile tozo ya utalii ya asilimia 2. Unasoma, unajumlisha, unalipa, na ukipenda unamwambia mhudumu abaki na chenji. Hapa Dallas bei ya menyu ni mwanzo tu wa safari. Juu yake kuna kodi ya mauzo asilimia 8.25, na juu yake tena bakshishi. Kipimo ambacho watu wa kwetu wakikishika kinawaokoa ni hiki: kila dola 10 ya menyu ni dola 13 mfukoni. Kwa bili yenu ni 12.825 kamili, lakini 13 haisahauliki.

Nyumbani pia tumezoea kula kwa namna nyingine. Kilo mbili za nyama zinakuja kwenye sinia moja, ugali katikati, kachumbari, kila mkono unaingia. Nani atasema yeye amekula ya shilingi ngapi? Analipa aliyeita, au leo analipa huyu na wiki ijayo yule, na mambo yanajirekebisha yenyewe kwa miezi. Utaratibu huo hauna kasoro yoyote pale watu wanapoonana kila wiki. Watu 12 ambao nusu yao walionana mara ya mwisho kwenye msiba hawana hiyo wiki ijayo ya kurudishiana.

Hapo ndipo lilipo jambo la mwaliko, na huyo anayesema ulialika wewe hajasema ujinga. Kwa desturi yetu anayeita watu ndiye mwenyeji, na mwenyeji hulipa. Kwa desturi ya hapa, bethidei ya mgahawani kila mtu hujilipia na wote humbeba mwenye siku yake. Ujumbe wako ulisema "tukutane saa moja". Haukusema karibuni kwangu, wala haukusema kila mtu na mfuko wake. Nusu ya meza ilisoma kwa desturi moja, nusu kwa nyingine. Lakini huyo ndugu tayari alikutumia pesa, au sivyo? Kama aliamini wewe ni mwenyeji asingetuma hata senti. Kwa kutuma alikubali kwamba kila mtu anajilipia, kwa hiyo kwenye hili hana pa kushikilia.

Tuje kwa asilimia 20, maana ndiyo inayowasha moto.

Mhudumu wa mgahawani Texas anaweza kulipwa na mwajiri dola 2.13 kwa saa. Hujasoma vibaya. Ndicho kiwango cha chini cha sheria ya shirikisho kwa wanaopokea bakshishi, na hakijaongezwa tangu 1991. Kima cha chini cha kawaida ni 7.25, nacho hakijasogea tangu 2009. Sheria inamruhusu mwajiri kuhesabu bakshishi yako wewe mteja kama sehemu ya mshahara, mradi jumla ifike 7.25, isipofika, yeye ajazie. Majimbo kama California, Washington na Minnesota hayaruhusu mchezo huo, mhudumu analipwa kima cha chini kamili cha jimbo, ila wateja wa huko pia wanatoa bakshishi kwa mazoea yaleyale. Texas ni 2.13, na hapo ndipo mlipokuwa mmekaa.

Halafu kuna jambo ambalo mteja halioni. Bakshishi ya mhudumu haibaki yote mfukoni kwake. Usiku ukiisha anawakatia wenzake: wa baa aliyechanganya vinywaji, anayefuta meza, wakati mwingine na anayepokea wageni. Migahawa mingi inakokotoa makato hayo kwa mauzo, haiangalii bakshishi aliyopata. Tuseme ni asilimia 4: kwa meza yenu ya 640 anatoa 25.60. Meza ikiondoka bila kuacha kitu, hizo 25.60 zinatoka kwenye bakshishi za meza nyingine, yaani amewahudumia na bado amelipia. Na meza ya watu 12 haimwachii nafasi ya meza nyingi nyingine. Inakaa saa mbili, tatu, watano wanafika kwa wakati, wanne nusu saa baadaye, watatu wanauliza kama keki tuliyokuja nayo inaweza kuwekwa kwenye friji. Nakusimulia tu, sikulaumu. Nami kwenye meza za jamaa zetu nimewahi kuwa yule wa nusu saa baadaye.

Kwa sababu hiyo migahawa ikaanza kuweka bakshishi moja kwa moja kwa makundi, kwa kawaida kuanzia watu sita au wanane, asilimia 18 au 20. Wahudumu walikuwa wakiumia kwenye meza kubwa: kila mtu anadhani mwenzake ameacha.

Je, ni lazima kisheria? Mwenzenu kwenye grupu ana nusu ya ukweli. Mwaka 2004 huko Lake George, jimbo la New York, mteja aliyekuja na kundi alikataa kulipa asilimia 18 iliyowekwa kwenye bili, akaacha kidogo, akakamatwa kwa wizi wa huduma. Mwendesha mashtaka wa wilaya akaifuta kesi: bakshishi ni hiari, huwezi kumshtaki mtu kwa kutotoa hiari. Mwaka 2009 Bethlehem, Pennsylvania, wanafunzi wa chuo waligoma kulipa bakshishi ya dola 16.35 wakisema huduma ilikuwa mbovu. Polisi wakaitwa, mashtaka yakafunguliwa, na yenyewe yakafutwa. Kwa hiyo jela kwa ajili ya bakshishi, hapana.

Ila usitoke hapo ukadhani mnaweza kuikata mnavyotaka. Kama menyu au ukurasa wa kuweka oda ulisema wazi kwamba kundi la watu sita na kuendelea litatozwa asilimia 20, nanyi mkaketi mkaagiza, mgahawa utasema mlikubali bei hiyo, na kama mstari umeandikwa "Service Charge", yaani tozo ya huduma, badala ya "Gratuity" utasema kwa nguvu zaidi. Kingine, muda wa kubisha ni kabla ya kusaini. Chakula kikichelewa saa nzima, oda ikiletwa nusu, unamwita meneja pale pale mezani, unamweleza bila kupayuka, unamwomba ashushe ile asilimia. Ana uwezo wa kuiondoa kwenye kompyuta kwa kubonyeza mara mbili, nami nilipokuwa zamu niliiondoa kwa waliokuwa na haki. Ninyi hamkulalamika, mkapiga picha, mkala keki. Neno "tumeibiwa" halina pa kusimama, isipokuwa kama mna jambo ambalo hukuliandika.

Kuna upande mmoja wa hii bakshishi ya moja kwa moja ambao mimi siupendi, na nitausema. Mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, ilitoa uamuzi mwaka 2012, ikaanza kuusimamia Januari 2014, kwamba bakshishi ya kweli lazima itolewe bila kulazimishwa na mteja mwenyewe ndiye anayepanga kiasi. Ikishapangwa na mgahawa ni tozo ya huduma, na tozo ya huduma ni mapato ya mgahawa. Wakimpa mhudumu, wanampa kama mshahara, kupitia malipo ya mshahara. Sheria ya 2018 inamkataza mwajiri kuchukua bakshishi za wafanyakazi, lakini tozo ya huduma haikingwi na sheria hiyo. Na tangu sheria ya kodi ya Julai 2025, anayepokea bakshishi anaweza kuondoa hadi dola 25,000 kwenye mapato yanayotozwa kodi ya shirikisho, kwa miaka ya 2025 hadi 2028; zile zilizopangwa na mgahawa bila mteja kuwa na uwezo wa kuzibadilisha hazihesabiki. Kwa hiyo ile 128 yenu huenda ilimfikia mhudumu ikiwa imenyofolewa zaidi kuliko kama mngeiacha wenyewe. Baadhi ya migahawa imeacha kuiweka, inaandika mapendekezo tu chini ya risiti. Siku nyingine muulize mhudumu kwa upole, "Hii yote inakufikia?" Atakujibu ukweli, wengi wao hawana sababu ya kuuficha.

Mkiwa London, kwa wale wasomaji wa huko, mambo ni mepesi zaidi: ile asilimia 12.5 inayowekwa mara nyingi huandikwa kuwa ni ya hiari, unaomba iondolewe na inaondolewa, na tangu 1 Oktoba 2024 sheria inataka yote iende kwa wafanyakazi.

Turudi Irving. Yule anayetaka mgawane sawa kwa sawa, mwambie hapana. Mngechukua 820.80 mkagawa kwa 11, kila mmoja angelipa 74.62. Shemeji wa saladi na maji, kwa hesabu ya haki, anapaswa kulipa 30.78: yaani 19 zake na kodi na bakshishi, halafu 6.41 ya mwenye bethidei. Mngemtoza zaidi ya mara mbili ili alipie bia na vinywaji vya rangi rangi ambavyo hajavigusa. Kwenye vikundi vyetu hili ni kubwa kuliko tunavyokiri. Kila meza ina Waislamu, walokole, mjamzito, anayeendesha gari, na watu wa dozi. Kumwambia asiyekunywa agawane pombe sawa na wanaokunywa ni jambo ambalo wengi hawatalipinga mezani, wataitikia, watalipa, na safari ijayo watakuwa "na zamu kazini". Chakula mkigawana sawa haidhuru, tofauti ya sahani na sahani ni ndogo. Pombe kila mtu na yake. Hapo sibadiliki.

Sasa namna ya kudai. Risiti yenye mchanganuo unayo? Kama huna, kwenye hiyo simu ya meneja omba nakala. Kompyuta yao inaihifadhi. Ipige picha iweke kwenye grupu mara moja, bila jina la mtu, na ujumbe mfupi. Unaweza kuandika hivi: "Jamani asanteni kwa Jumamosi. Risiti hii hapa. Mimi nilisahau kuwaambia kwamba bei za menyu hazina kodi wala bakshishi, kwa hiyo sote tulituma pungufu. Hesabu ni bei ya ulichoagiza mara 1.2825, ongeza dola 6.41 ya bethidei ya mwenzetu, toa ulichotuma. Nitamwandikia kila mmoja pembeni kiasi chake. Ile 100 niliyoandika kwa kalamu ni yangu, haimo humu." Sentensi hiyo ya mwisho usiiache. Watu wakijua umejibebea kosa lako hawana sababu ya kukushuku kwenye mengine. Na kwa kuwa mwenye bethidei naye yumo kwenye grupu, hii weka kwenye grupu ya pembeni bila yeye. Hakuna haja ya kuona sahani yake ikipigiwa hesabu.

Ujumbe wa mmoja mmoja uwe na kiasi kamili, senti kwa senti, maana ukisema "kama dola 15 hivi" mtu anaona umekisia. Shemeji anabakiza 5.78, na kwa heshima ya ushemeji mimi ningeiacha, ila hilo ni la kwenu. Ukiiacha, iache moja kwa moja, usije ukaikumbuka Krismasi. Wale wengine, pamoja na yeye, ni watu tisa, na wastani wao ni 16.71. Watatuma. Dola 16 si kitu cha kumfanya mtu akimbie grupu, shida yao ilikuwa hawajui inatoka wapi.

Binamu ni kesi ya peke yake. Alikula vya 46, yaani 59 na kodi na bakshishi, ongeza 6.41, ameacha 20, anadaiwa 45.41. Huyu usimwandikie, mpigie. Na usianze na deni. Kuondoka mapema na kuacha noti chini ya glasi mara nyingi maana yake ni kwamba mfuko ulikuwa umekauka na mtu hakutaka lijulikane. Muulize kama yuko salama kwanza. Akisema mambo magumu, mwambie atoe kidogo kidogo au mwezi ujao, na hilo libaki kati yenu wawili. Akisema "ah, si umelipa wewe tayari," hapo umejua, na safari ijayo jina lake liandikwe kwenye orodha baada ya pesa yake kuingia.

Hiyo safari ijayo, isikutishe. Mtu wa kwetu anayesema hajui kukusanya pesa za watu 12 ananichekesha, wakati harusi ya watu 400 anaisimamia na kamati, mwenyekiti, mweka hazina, daftari la ahadi na vikumbusho kila Jumapili. Fanyeni hivyo hivyo. Bethidei ya mgahawani ni mchango mdogo, na mchango hukusanywa kabla ya sherehe. Chagua mgahawa, piga simu wiki moja mbele, uliza kama wana menyu ya kundi kwa bei moja, mingi inayo. Wakisema dola 38 kwa mtu, kwa 1.2825 inakuwa 48.74, ongeza ya mwenye bethidei, unatangaza 55. Andika: "Dola 55 kwa kila mmoja kabla ya Alhamisi, ndani yake kuna chakula, soda au chai, kodi, bakshishi, na sahani ya mwenye siku yake. Anayetaka kitu cha baa atajilipia baa mwenyewe." Asiyetuma hadi Alhamisi, huweki kiti chake, na unamwambia hivyo kwa upendo. Dola mbili tatu zikibaki, nunueni mishumaa.

Na kama hamtaki menyu ya kundi, basi mkishakaa tu, kabla hata maji hayajaletwa, mwambie mhudumu mnataka bili mbalimbali, ngapi, na nani yuko na nani. Wengi wetu tulikuwa tunaandika oda kwa namba za viti, tukianzia kiti kile kile na kuzunguka upande mmoja, kwa hiyo kutenganisha bili ni kazi ndogo kama nimejua mapema. Ukiniambia mwishoni, baada ya watu kuhama viti kwenda kupiga picha na sahani ya mbawa za kuku kuliwa na watu saba, nitakuwa nimesimama kwenye skrini robo saa nikigawa mbawa, na meza nyingine zinaniita. Uliza pia wanapokea kadi ngapi kwa meza moja, kuna wanaoishia nne.

Karatasi ya kusaini ikija, shuka na kidole kutoka juu. Baada ya mstari wa kodi, kabla ya jumla, angalia kama kuna "Gratuity", "Service Charge", "Auto Grat" au "Large Party". Ukiona mojawapo, pale penye nafasi ya bakshishi piga mstari, andika jumla ileile, saini. Hakuna mhudumu atakayekuona mchoyo kwa hilo. Ameshaiona asilimia yake kabla yako. Na zile asilimia zilizoandikwa chini ya risiti kama msaada, usiziamini kwa macho. Nimeshaona mashine zinazozikokotoa juu ya jumla yenye kodi na bakshishi ndani yake.

Ukishampata meneja niandikie kama amekurudishia 100 au 80.